Nafasi Kati ya Mgomba na Mgomba

Katika miaka niliyofundisha, neno bustani lilikuwa na maana moja tu kwa watoto wengi wa shule: yale matuta ya maua mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, yaliyozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, kila ua limesimama peke yake kama askari kwenye gwaride. Ukimwuliza mtoto kama nyumbani kwao kuna bustani, alijibu kwamba hakuna, kuna migomba tu. Kumbe mtoto huyo alikuwa ametoka asubuhi ile katika bustani ya zamani, iliyopangwa kwa akili nyingi kuliko ile ya mawe ya chokaa. Alipita chini ya kivuli chake, alikanyaga takataka laini za majani yake, na tumboni alikuwa amebeba ndizi zake. Hakuna aliyemwambia kuwa ule nao ni mpango.

Insha hii inahusu mpango huo: jinsi watu wa Kyela na ndugu zao wa milimani Rungwe walivyopanga mimea kuzunguka nyumba zao, umbali waliouacha kati ya mmea na mmea, na mambo yaliyoupata mpango huo tangu wageni walipoanza kuuandika. Naandika nikiwa mzee, na nina sababu ya kuandika sasa, ambayo msomaji ataiona mbele.

Mwaka 1877 Konseli wa Uingereza Frederic Elton alipita katika nchi hii ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Alifariki mwishoni mwa mwaka huo huo huko Ugogo, kabla hajafika pwani. Miaka miwili baadaye alikuja kijana wa Kiskoti, Joseph Thomson, mwenye umri wa miaka 21 tu. Kijana huyo alikuwa amerithi uongozi wa msafara baada ya mkubwa wake, Keith Johnston, kufariki Behobeho mwezi wa Juni 1879. Thomson alichapisha habari za safari yake mwaka 1881, na nchi ya Wanyakyusa ikawa mojawapo ya sehemu alizozisifu kupita kiasi. Kilichomshangaza ni migomba mingi iliyojaa mikungu, nyumba nadhifu chini yake, na ardhi iliyofagiliwa ikawa safi. Alikuwa amepita nchi nyingi zenye njaa na vita, na hapa aliona kama amefika peponi. Wamisionari wa Kimoravia na wa Berlin walipoingia mwaka 1891, nao walikuta migomba hiyo hiyo na nyumba hizo hizo za mianzi.

Lakini wageni wengi waliona uzuri, hawakuona kazi. Walidhani kwamba nchi yenye mvua na udongo mweusi wa volkano hujiotea yenyewe. Ni kweli kwamba Mungu ametupendelea. Sehemu nyingi za Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua nzito zaidi hunyesha kati ya Machi na Mei. Lakini mvua ya namna hiyo, ikiangukia ardhi tupu, hubeba rutuba yote hadi ziwani. Mito yetu ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufurika, na Songwe hubadili mkondo wake mara kwa mara, hata ukaleta maswali ya mpaka kati yetu na Malawi. Mahali kama hapo, mtu asiyejua kupanda hupoteza shamba lake pole pole bila kuona.

Tuingie ndani ya shamba lenyewe. Nyumba hujengwa mahali palipoinuka kidogo ili maji ya masika yasiingie. Migomba huizunguka nyumba, na ile iliyo karibu na jiko ndiyo inayonenepa kuliko yote, kwa kuwa hupata majivu, maganda na maji ya kuoshea vyombo. Pembeni kabisa hukaa miti mirefu: mwembe, mnazi, mchikichi, mparachichi, na kichaka cha mianzi karibu na mfereji. Miti hiyo ni dari ya juu. Chini yake ni migomba. Chini ya migomba, upande wa tambarare, ni mikakao, na ukipanda kuelekea Tukuyu, ambako baridi huanza, mahali pa kakao huchukuliwa na kahawa. Chini zaidi ni magimbi, pilipili na mihogo michache palipo na mwanga, na ardhini kabisa hutambaa maboga, viazi vitamu na kunde.

Kila mmea una mahali pake kwa sababu. Gimbi hupenda unyevu na huvumilia kivuli, basi hupewa kingo za mfereji. Boga hupenda kula sana, basi hupandwa penye lundo la samadi, likaachiwa litambae litakako. Maharage hayapendi giza, basi husubiri mgomba mzee uanguke, dirisha la jua likafunguka kwa msimu mmoja au miwili kabla halijafungwa na mgomba mpya. Muda huo mfupi yanatosha kuacha zawadi katika udongo. Wanasayansi wa Kijerumani Hellriegel na Wilfarth walithibitisha katika miaka ya 1880 kwamba jamii ya kunde, kwa msaada wa vijidudu vilivyo kwenye mizizi yake, huchukua naitrojeni ya hewani. Mahindi hayakaribishwi kabisa chini ya migomba. Yana shamba lake mbali, kwa kuwa hindi bila jua ni fimbo tu.

Na umbali? Wataalamu hushauri mita tatu kwa mita tatu kati ya mgomba na mgomba. Marehemu mama yangu hakuwa na futi kamba. Alisimama palipo na mgomba wa zamani, akanyoosha macho kufuata jani lake refu mpaka ncha yake, kisha akahesabu urefu wa jani lingine kutoka hapo.

"Mwanangu," alisema, "majani yasalimiane, yasikumbatiane."

Nilipokuja kupima kwa futi kamba baadaye, nafasi zake nyingi ziliangukia kati ya hatua tatu na nne za mtu mzima. Tofauti yake na mstari wa kamba ni kwamba yeye aliongeza nafasi penye aina ya mgomba yenye majani mapana na akaipunguza penye aina fupi.

Nafasi nyingine ni ya wakati, na hii ndiyo wengi huisahau. Shina la mgomba huzaa mara moja tu likafa, lakini pembeni yake huchipua machipukizi mengi. Mkulima mzembe huyaacha yote, na baada ya miaka mitatu ana kichaka kisichozaa mkungu wa maana. Mkulima makini huacha watatu tu: mama anayezaa, binti anayekua, na mjukuu anayechomoza. Tena huchagua chipukizi la upande ule ule kila mara, kwa maana shina la migomba hutembea. Likiachwa liende ovyo, migomba iliyopandwa mbali mbali itakutana baada ya miaka michache na mpango wote utaharibika. Kwa hiyo nafasi haipangwi siku ya kupanda tu, bali hulindwa kwa panga kila mwaka, maisha yote ya shamba.

Inafaa pia kukumbuka kwamba mimea mingi tunayoiita yetu ni wageni. Mgomba ulitoka Asia ya kusini mashariki na visiwa vya huko, na mwembe ulitoka pande za Bara Hindi. Muhogo, kiazi kitamu, hindi, haragwe, boga, parachichi na kakao vyote vilitoka Marekani ya Kusini na ya Kati. Kahawa ya arabika ni ya Ethiopia, mchikichi ni wa Afrika ya Magharibi. Kunde na ulezi ndio wenyeji wa bara letu. Babu zetu waliwapokea wageni hao mmoja mmoja, wakamjaribu kila mmoja kivulini na juani, karibu na mbali, mpaka wakajua nani akae na nani. Huo ulikuwa utafiti, ingawa hakuna aliyeandika ripoti.

Jambo la ajabu ni kwamba watu wenyewe walipangwa kwa hekima inayofanana na ile ya migomba. Godfrey Wilson na mkewe Monica waliishi kati ya Wanyakyusa kwa vipindi kati ya mwaka 1934 na 1938. Kitabu cha Monica Wilson cha mwaka 1951 kilieleza kwa ulimwengu desturi yetu ya vijiji vya rika. Wavulana walipofikia umri wa miaka kumi hivi waliondoka katika nyumba za baba zao, wakajenga vibanda vyao mahali pengine. Waliendelea kula kwa mama zao na kulima mashamba ya baba zao, lakini walilala katika kijiji chao. Walipooa waliwaleta wake zao huko huko. Mkwe wa kike hakuruhusiwa kukutana uso kwa uso na baba mkwe, hivyo umbali kati ya nyumba ulilinda heshima. Na mara moja katika kila kizazi ilifanyika ubusoka, ambapo malafyale mzee na wenzake waliwakabidhi vijana utawala na ardhi. Mama, binti, mjukuu. Mzee, kijana, mtoto. Kila mmoja alipewa nafasi ya kupata jua lake bila kumnyonga mwenzake.

Ng'ombe walilala ndani ya nyumba pamoja na watu, na samadi yao ilipelekwa migombani. Ndizi zilipata pia mahali pake katika mila: Monica Wilson aliandika kwamba katika matambiko ya ukoo ndizi ya kupika ilisimama badala ya mwanamume na ndizi tamu badala ya mwanamke. Wafu walizikwa nyumbani. Kwa hiyo shamba la migomba lilikuwa jiko, zizi, ghala na makaburi kwa wakati mmoja, na kuling'oa halikuwa jambo la mtu mmoja kuamua asubuhi moja.

Kisha ukaja mstari ulionyooka. Maofisa kilimo wa enzi ya Mwingereza walifundishwa kwamba kilimo bora ni zao moja, safu moja, umbali mmoja, na mchanganyiko wa mazao ulihesabiwa kuwa dalili ya ujinga. Nitasema haki: mstari una faida zake. Ni rahisi kuupalilia, kuupiga dawa, kuuhesabu na kupitisha jembe la ng'ombe. Mahindi kwa sentimita 75 kwa 30 hutoa mavuno mazuri, na chai ya Rungwe haiwezi kuchumwa vizuri bila safu. Tatizo lilikuwa kulazimisha kipimo kimoja kila mahali. Huko Uluguru watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani, na mwaka 1955 yakazuka machafuko. Ng'ambo ya ziwa letu, katika milima ya Mbinga, Wamatengo walikuwa na ngoro zao, yaani mashimo yaliyopangwa mteremkoni kama sega la nyuki yanayoshika maji na udongo. Hakuna aliyewalazimisha kuzichimba, na wamezitumia kwa zaidi ya miaka mia moja.

Baada ya Uhuru mstari ulikuja tena kwa sura nyingine. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 iliipa kila shule shamba, jambo jema sana, na watoto wengi walijifunza humo thamani ya jasho. Lakini shamba la shule lilikuwa la safu, na mtoto alihitimu akiamini kwamba kilimo cha kisomi ni kile cha shuleni na kilimo cha mama yake ni cha kubahatisha. Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 iliwahamisha mamilioni ya Watanzania wakajenga nyumba kwa mistari. Huku kwetu, kama Kilimanjaro na Bukoba, kwa sehemu kubwa watu walibaki walipokuwa, kwa kuwa walikuwa tayari wanaishi karibu karibu na mazao yao yalikuwa ya kudumu. Mgomba haujui kuhama kwa lori.

Hata huko Ulaya ubishi huu ulikuwepo. Wanavijiji wa Uingereza walichanganya kabichi, vitunguu, dawa za mitishamba, mitofaa na mawaridi mbele ya vijumba vyao, huku wenye majumba makubwa wakipanda maua kwa michoro na safu. Katika mwaka 1883 William Robinson, na baadaye Gertrude Jekyll katika kitabu chake cha mwaka 1908, waliwaambia matajiri wakajifunze kwa wanavijiji: mrefu nyuma, mfupi mbele, anayechanua mapema afunikwe na anayechelewa, ardhi isikae wazi. Leo bustani za namna hiyo husifiwa ulimwenguni kote. Huku kwetu sifa ilichelewa. Shirika la utafiti wa kilimo mseto, ICRAF, lilianzishwa mwaka 1978 likaweka makao yake Nairobi. Katikati ya miaka ya 1980 watafiti Fernandes, O'Kting'ati na Maghembe waliandika juu ya vihamba vya Wachaga, wakieleza ghorofa za mimea zinazofanana sana na zetu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Bibi zetu wangecheka kusikia kwamba migomba yao imepata cheti.

Mabadiliko makubwa zaidi hayakuletwa na ofisa kilimo, yaliletwa na zao la kudumu la biashara. Mtu aliyepanda kahawa au aliyetengeneza jaruba la mpunga hakutaka tena kuhama na rika lake na kuliacha. P. H. Gulliver, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1958, alieleza jinsi kahawa ya milimani na mpunga wa tambarare ya Kyela, pamoja na upungufu wa ardhi, vilivyoifanya ardhi ianze kuwa mali ya mtu na kurithiwa kutoka baba hadi mwana. Vijiji vya rika vikafifia. Vijana wasiopata ardhi wakaenda Lupa kwenye dhahabu, wengine Rhodesia na Afrika Kusini. Nafasi kati ya watu ilipungua kwanza, ndipo nafasi kati ya migomba ikaanza kupungua.

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Zao la leo ni kakao. Katika mwaka 2024 bei yake katika soko la dunia ilipita dola 10,000 za Marekani kwa tani, jambo ambalo halijawahi kuonekana kabla yake. Nimeona kwa macho yangu vijana waliorithi eka moja au nusu wakifyeka migomba, magimbi na hata mwembe wa babu, wakapanda mikakao peke yake, karibu karibu, ili pasipotee hata hatua moja. Mwaka 2025 bei ikashuka sana. Siwalaumu. Mwenye ada ya shule ya kulipa hawezi kulipa kwa methali. Lakini wamelipa gharama ambazo mnadani hazihesabiwi.

Gharama ya kwanza ni ya kakao yenyewe. Kakao ni mti wa kivulini tangu asili yake katika misitu ya Amazoni, na mche wake ukipigwa na jua kali hunyauka. Maua yake madogo huchavushwa na visubi ambao huzaliana katika vitu vinavyooza, na mashina ya migomba yaliyokatwa yakaachwa yaoze chini ni kitanda chao kizuri. Anayeondoa migomba huwaondoa na wachavushaji. Kivuli kikizidi na miti ikibanana, hewa haipiti, na ugonjwa wa kuoza matunda ukayafanya meusi. Kwa hiyo kivuli kiwepo lakini kipenye mwanga, yaani majani yasalimiane, yasikumbatiane.

Gharama ya pili ni ya jikoni. Ndizi na magimbi huvunwa kidogo kidogo mwaka mzima, na mara nyingi mwenye mamlaka juu yake ni mama wa nyumba. Fedha ya kakao huja kwa msimu, na katika nyumba nyingi hupokelewa na yule ambaye jina lake limeandikwa katika chama cha ushirika. Shamba likigeuzwa kakao tupu, mama hununua ndizi sokoni kwa fedha ya kuomba, katika nchi ambayo Thomson aliiona imejaa mikungu.

Gharama ya tatu ni ya kizazi kijacho. Baba mwenye eka moja na wana watatu akiigawa vipande vitatu, na kila mmoja akipanda zao moja lile lile, basi wote watatu watashiba mwaka mmoja na wote watatu watalia mwaka mwingine. Wahenga walisema mtaka yote hukosa yote. Wakikubaliana kulitunza shamba likiwa na ghorofa zake zote, kila mwezi utakuwa na kitu cha kuvuna.

Ushauri wangu ni mfupi. Panda mikakao kwa mita tatu kila upande, na usipunguze hata kama bei inakushawishi. Bakiza migomba kati yake, kila shina na watatu wake. Acha miti mirefu michache pembeni, na ardhi isikae uchi wakati wa masika. Mnapogawa ardhi kwa watoto, andikeni na mazao yaliyomo na nani atakula nini, tena mama na mabinti wawepo kikaoni, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume.

Kwa walimu wenzangu walio bado darasani nina ombi moja. Somo la vipimo linapofika, wapeni watoto kamba waende nyumbani wakapime umbali kati ya mgomba na mgomba, wahesabu mimea yote iliyo ndani ya hatua kumi kutoka mlangoni, na wamwulize bibi kwa nini kila mmoja uko pale ulipo. Majibu wayaandike kwenye daftari kabla bibi hajaondoka na kabla panga halijapita.